Akaunti ni ya nani? Namna ya kuishi na Alexa bila kumwaga siri za nyumba

Umepata chumba Queensbury, dakika chache kutoka stesheni ya Jubilee. Nyumba ya watu watano: vyumba viko juu, jiko na sebule mnachangia chini. Kando ya TV kuna spika ndogo ya duara. Mtu akitamka "Alexa", inawaka buluu na kujibu. Kabla hujauliza inasikia nini, uliza swali moja: akaunti yake ni ya nani?

Wengi hutishwa na Amazon, kampuni ya Marekani yenye Alexa. Kampuni ina mambo yake, na tutayafikia. Lakini anayeweza kufungua simu usiku huu na kusikiliza ulichosema asubuhi si mhandisi wa Seattle. Ni mwenye akaunti. Huenda ni landlord. Huenda ni mumeo, au binamu aliyekupokea Heathrow, au mpangaji aliyehama zamani akaacha spika yake imechomekwa ukutani.

Basi uliza, tena mbele ya wote, kwa sauti ile ile unayoulizia nani analipa bili ya Wi-Fi. Ukijibiwa, umemjua wa kumwomba afute rekodi. Ukikosa jibu, ichomoe.

Inasikia nini hasa

Maiki iko wazi muda wote, inangoja jina lake. Ikilisikia, au ikidhani imelisikia, inaanza kurekodi na kutuma sauti kwenye kompyuta za kampuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern na Imperial College London waliziwekea spika hizi saa 125 za vipindi vya Netflix ili waone zitafanya nini. Hawakukuta ushahidi kwamba zinarekodi mfululizo. Walichokuta ni kwamba zinaamka bila kuitwa, kwa maneno yanayofanana tu na jina lao. Ajali hizo ndizo unazopaswa kuzipunguza.

Usijidanganye na Kiswahili. Alexa hajui Kiswahili, na kwa sababu hiyo wengi hudhani wakibadili lugha wamejificha. Kifaa hakihitaji kukuelewa ili kikurekodi. Kikishaamka, sauti yako inahifadhiwa ilivyo, iwe Kiswahili, Kigujarati au Lingala. Mwenye akaunti akiifungua, anaisikiliza.

Tena Queensbury si mahali pa kutegemea kwamba hakuna anayekuelewa. Mtaa huu wa mpakani mwa Brent na Harrow una familia nyingi za Wahindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, wengine tangu Idi Amin alipowapa siku 90 za kuondoka Uganda mwaka 1972. Mzee anayekupimia mihogo dukani anaweza kuwa amesoma Kampala au Mombasa. Anakusikia vizuri, ila amenyamaza tu.

Kama nyumbani mna mtu anaitwa Alex, badilisha jina la kuitia spika leo hii. "Alex, hebu fungua mlango" inatosha kuiamsha. Ingia kwenye programu ya Alexa, gusa Devices, chagua spika yako, fungua mipangilio yake, tafuta Wake Word. Utapewa majina mengine: Amazon, Echo, Computer, Ziggy. Mimi ningekwepa Echo, maana inakaribiana mno na "iko", na sisi kila sentensi ya pili ni "iko wapi". Computer nayo ni "kompyuta" ya kila siku. Ziggy haifanani na kitu chochote tunachosema. Chukua hiyo. Spika za Google hazina nafasi hii. Zitaendelea kuitika "Hey Google".

Fungua historia kwanza

Mengine yote yanaweza kungoja. Hili lifanye leo, ukiwa na mwenye akaunti mezani kama si wewe.

Fungua programu ya Alexa kwenye simu. Gusa More, kisha Alexa Privacy, kisha Review Voice History. Menyu hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ukizikosa, tafuta neno Privacy ndani ya mipangilio. Itatokea orodha ya siku na saa, na kila mstari una maandishi ya kile spika ilichodhani imesikia. Ukigusa mstari, unaweza kucheza sauti yenyewe.

Pita haraka kwenye mistari ya kawaida: ya kuweka saa ya wali, ya kuuliza mvua, ya kuomba wimbo wa Diamond. Simama kwenye mistari iliyoandikwa Audio could not be understood au Audio was not intended for this device. Cheza hiyo. Spika isiyojua lugha yako hutupa humo kila ilichoshindwa kukielewa. Unaweza kukuta nusu ya maongezi yako na shangazi kuhusu makaratasi ya Home Office, au kipande cha voice note ya WhatsApp uliyoifungua kwa sauti kubwa ukikoroga chai. Sauti ni yako, tarehe ipo, saa ipo.

Ukimaliza kusikiliza, futa yote. Usichague moja moja. Huna muda huo.

Kisha nenda Manage Your Alexa Data. Panapouliza rekodi zihifadhiwe kwa muda gani, chagua zisihifadhiwe kabisa. Usipochagua, zinakaa mpaka mtu azifute. Hapo hapo utaona sehemu inayoruhusu rekodi zako kutumika kuboresha huduma. Zima.

Kwa nini uzime? Kwa sababu "kuboresha huduma" maana yake ni binadamu kuvaa hedifoni na kusikiliza. Aprili 2019 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba Amazon ilikuwa na watu wa kazi hiyo katika nchi mbalimbali. Julai mwaka huo huo kituo cha VRT cha Ubelgiji kilipata zaidi ya vipande 1,000 vya sauti za watumiaji wa Google, na 153 kati ya hivyo vilirekodiwa bila mtu kuita chochote. Mwezi huo huo gazeti la Guardian likaeleza kwamba makandarasi wa Apple walikuwa wakisikia mazungumzo ya wagonjwa na madaktari kupitia Siri. Apple iliomba radhi Agosti 2019. Januari 2025 ikaripotiwa kwamba imekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi kuhusu Siri huko Marekani, bila kukiri kosa.

Kwa Google, ingia kwenye akaunti yako, fungua Data & privacy, halafu Web & App Activity. Hakikisha kisanduku cha sauti hakina alama. Weka ifute yenyewe kila miezi 3, ambao ndio muda mfupi kuliko yote uliopo. Kwenye iPhone, fungua Settings, Privacy & Security, Analytics & Improvements, na uzime Improve Siri & Dictation. Kisha kwenye mipangilio ya Siri futa historia. Kazi ya dakika tano.

Usingoje kampuni ikufanyie. Mwelekeo wao ni kukusanya zaidi. Machi 2025 Amazon iliondoa hata ile njia, iliyokuwapo kwa wateja wa Marekani, ya kuzuia rekodi za sauti zisitumwe kutoka kwenye baadhi ya Echo, yaani spika zake za Alexa.

Zima Drop In

Kama kuna kitufe kimoja cha kukumbuka katika makala hii yote, ni hiki. Drop In inamruhusu mtu kuingia kwenye Echo yako na kusikia chumba papo hapo, bila wewe kupokea simu. Kwenye Echo yenye skrini anaweza kukuona pia. Ilitengenezwa kwa ajili ya kumjulia hali mzazi mzee. Ndani ya nyumba ya vyumba vya kupanga, au ndoa yenye mashaka, ni kitu kingine kabisa.

Fungua mipangilio ya kifaa, sehemu ya Communications, na uzime Drop In. Fanya hivyo kwa kila Echo iliyomo ndani, si ya sebuleni peke yake.

Na usiipe Alexa orodha ya namba za simu yako. Ikiuliza, kataa. Mei 2018 familia moja ya Portland, Oregon, iligundua kwamba Echo imerekodi maongezi yao ya ndani na kuyatuma kwa mtu aliyekuwa kwenye orodha yao ya namba, mfanyakazi wa mume. Amazon ilieleza kwamba kifaa kilidhani kimeitwa, kisha kikadhani kimeamriwa kutuma ujumbe. Bila orodha ya namba, hakina pa kutuma.

Ununuzi kwa sauti nao uzime, au uuwekee namba ya siri. Hapa Uingereza, mwaka 2018, mtazamaji mmoja alilalamika kwa mamlaka ya matangazo kwamba tangazo la TV limeifanya Echo yake iagize chakula cha paka. Agizo lilifutwa na malalamiko yakatupwa, lakini umeelewa.

Mahali pa kuiweka

Ushauri wa Waingereza ni kuiweka jikoni, iwe ya kuhesabu dakika za mapishi. Kwetu ushauri huo ni mbaya. Jikoni ndiko tunakozungumzia kila kitu: nani kaachika, nani kanyimwa viza, upatu wa mwezi huu ni zamu ya nani. Iweke mahali unapopita, si mahali unapokaa. Kwenye korido, kwa mfano, au kwenye kona ya sebule iliyo mbali na TV na mbali na makochi.

Chumbani usiiweke. Hili halina mjadala. Ukitaka saa ya kukuamsha, ya mezani inauzwa bei ya chai na keki.

Nyumba nyingi za Queensbury ni za miaka ya 1930, zimeshikana mbili mbili au kwa safu. Kwa hiyo usiiegemeze kwenye ukuta wa jirani wala dirishani. Itakuwa inaamshwa na TV yao, na mtu aliyesimama nje anaweza kuipigia kelele ikamwitikia.

Jifunze kitufe cha kuzimia maiki. Kwenye Echo kiko juu. Ukikibonyeza, taa inakuwa nyekundu. Kwenye spika nyingi za Google kiko nyuma au pembeni, na taa zinakuwa za rangi ya chungwa. HomePod ya Apple haina kitufe hicho; unaiambia iache kusikiliza, au unazima kwenye programu ya Home. Kama huamini kitufe, chomoa waya.

Weka desturi: wageni wakija, maiki inazimwa. Kikao cha chama, maiki inazimwa. Mkikaa msibani, ichomoeni kabisa. Mama akija kutoka Tanga kukaa miezi miwili, mwambie siku ya kwanza kile kidude ni nini, kwa sababu yeye ndiye atakayeongea mbele yake kutwa nzima akidhani ni redio.

Simu yako mfukoni ni maiki pia, na ina ruhusa nyingi zaidi kuliko spika. Ukiona nukta ya rangi ya chungwa juu ya skrini ya iPhone, kuna programu inatumia maiki. Kwenye Android nukta ni ya kijani. Ikitokea hujapiga simu wala hurekodi kitu, fungua ruhusa za maiki uzipitie moja moja. Novemba 2024 shirika la watumiaji la Which? lilieleza kwamba programu za simu za vikaangio vitatu vya hewa zilitaka ruhusa ya kurekodi sauti bila kutoa sababu. Kikaangio! Kinyime. Viazi vitaiva tu.

Mlango nao una masikio

Ukitembea kutoka stesheni mpaka kwako, huenda utapita mbele ya kengele kadhaa zenye kamera. Wengi hukumbuka picha na kusahau sauti. Ukisimama kwenye ngazi za mlango ukiongea na simu, kengele ya jirani inaweza kukunasa.

Kama kengele ni yako, zima kurekodi sauti. Kwenye kengele za Ring ipo chini ya mipangilio ya faragha ya kifaa. Halafu ziba kwenye picha sehemu zinazoonyesha dirisha au mlango wa jirani. Programu inakuruhusu kuzichora.

Hii si adabu tu, ni sheria. Kamera yako ikiishia ndani ya mpaka wa nyumba yako, sheria ya data haikugusi. Ikivuka na kunasa barabara au bustani ya mwenzako, inakugusa. Oktoba 2021 mahakama ya Oxford iliamua kesi ya majirani wawili, mmoja akiwa na kengele na kamera za aina hiyo. Jaji aliona sauti ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu vifaa viliinasa mbali kupita picha, na kuzuia wizi hakukuhitaji hivyo. Mwenye kamera alishindwa.

Kama kengele ni ya jirani, anza na kubisha hodi. Mwambie: "Sina neno na kamera yako, ila naomba uzime sauti." Wengi hawajui hata kwamba imewashwa.

Landlord ni habari nyingine. Yeye hajifichi nyuma ya kisingizio cha "ni nyumbani kwangu", kwa sababu anafanya biashara. Akiweka kamera au spika kwenye korido ya nyumba aliyopangisha, anapaswa kukwambia ipo, inarekodi nini, na kwa nini. Ndani ya chumba chako hana la kuweka. Muulize kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, ili jibu libaki.

Ukiwa kazini kwenye nyumba za watu

Wengi wetu tunafanya kazi ya kea, kuingia nyumba hii na kutoka ile. Wazee wengi wana Alexa waliyowekewa na watoto wao, na wengine wana kamera yenye maiki kwenye kona ya chumba. Ichukulie kila nyumba ya mteja kwamba ina maiki mpaka utakapojua haina.

Siku ya kwanza, muulize meneja wako: nyumba hii ina vifaa gani vya kurekodi, na nani anasikiliza? Kama kampuni iliyokuajiri ndiyo imeviweka, inawajibika kukueleza. Kama ni familia, bado una haki ya kuuliza. Usiguse wala usichomoe kifaa cha mteja bila ruhusa. Ni chake, na huenda ndicho anachoitia msaada akianguka.

Simu za nyumbani pokea nje. Mteja usimsengenye kwa Kiswahili ukidhani haelewi. Yeye haelewi, lakini mtoto wake anaweza kumpa mtu wa kumfasiria.

Watoto

Mtoto ataiamini Alexa kuliko anavyokuamini wewe. Ataiambia jina lake, shule yake, na kwamba baba na mama wamegombana jana. Kwa hiyo Echo isikae chumbani kwa mtoto, hata ile iliyochorwa simbamarara.

Mei 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Amazon imekubali kulipa dola milioni 25 kumaliza madai kwamba ilihifadhi sauti za watoto kwa muda mrefu kupita inavyoruhusiwa, na haikuzifuta ipasavyo hata wazazi walipoomba. Ring, ambayo pia ni ya Amazon, ilikubali kulipa dola milioni 5.8 katika shauri lingine kuhusu video za wateja.

Fundisha kanuni mbili tu. Jina kamili na shule havisemwi mbele ya spika. Na ikiwaka bila kuitwa, njoo uniambie.

Ikiwa unayemhofia yumo ndani

Hapa usikimbilie kubadilisha mipangilio. Mtu anayekufuatilia akiona ghafla umezima kila kitu, anaweza kugeuka hatari zaidi.

Dalili ni hizi. Anajua maneno uliyosema ukiwa peke yako. Taa au hita zinabadilika akiwa kazini. Ananukuu simu uliyompigia dada yako. Mambo haya hutokea, na mahakama za hapa zinayatambua. Mei 2018 mwanamume mmoja nchini humu alifungwa miezi 11 baada ya kumsikiliza mkewe waliyetengana kupitia tableti ya ukutani iliyokuwa ikiendesha taa na hita za nyumba.

Tumia simu ya mtu mwingine, nje ya nyumba hiyo, upige namba ya msaada ya Refuge: 0808 2000 247. Ni bure, saa 24. Wana wataalamu wa ukatili unaofanywa kwa vifaa, na watakusaidia kupanga kipi kizimwe lini. Ukiwa hatarini sasa hivi, piga 999.

Kama mmeshaachana na umebaki na nyumba, usitoke kwenye akaunti yake tu. Badilisha neno la siri la Wi-Fi, rudisha kila kifaa kwenye hali ya kiwandani, na ukisajili upya kwa jina lako na barua pepe mpya ambayo hakuwahi kuijua. Usisahau TV, kidhibiti cha hita na kamera ya mtoto.

Kununua na kuuza

Echo ya mkononi kutoka car boot ni bei nafuu na mara nyingi ni nzima. Ikifika nyumbani, irudishe kwenye hali ya kiwandani kabla hujaiunganisha na kitu. Kama bado iko kwenye akaunti ya mtu, mrudishie akaiondoe.

Ukinunua mpya, angalia jambo moja. Tangu 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inamtaka mtengenezaji atangaze atatoa masasisho ya usalama mpaka lini, na inakataza maneno ya siri rahisi ya kiwandani. Tafuta tarehe ya mwisho ya masasisho. Haipo? Rudisha rafuni. Kamera isiyo na jina inayouzwa pauni chache mtandaoni si ya kuiweka chumba cha mtoto.

Akaunti yako iwekee uthibitisho wa hatua mbili. Neno la siri la Netflix mnaloazimana watu sita lisiwe ndilo la Amazon.

Ukihama, ondoa spika kwenye akaunti yako kabla hujaifunga kwenye boksi. Ukiiacha kwa wapangaji wenzako bila kuiondoa, sauti zao zitaendelea kuingia kwenye simu yako, na sasa wewe ndiye yule mwenye akaunti.

Dai kilicho chako

Sheria ya data ya Uingereza inakupa haki ya kuiomba kampuni yoyote nakala ya kila inachokuhifadhia, sauti zikiwemo. Hulipi kitu. Wanapaswa kukujibu ndani ya mwezi mmoja, na wanaweza kuongeza miezi miwili kama ombi ni gumu. Amazon, Google na Apple wana ukurasa wa kuombea ndani ya akaunti zao. Kwa landlord au kampuni ya kea, barua pepe fupi inatosha: "Naomba nakala ya rekodi zote za sauti na picha mlizonazo zinazonihusu." Andika tarehe, hifadhi nakala.

Wakikaa kimya au wakikukatalia bila sababu, peleka malalamiko kwa ICO, ofisi ya kamishna wa habari. Namba yao ni 0303 123 1113. Ambatanisha barua yako ya kwanza na tarehe uliyoituma, maana watataka kuona kwamba ulianza kwa mhusika mwenyewe. Kulalamika ni bure, na haki hii haitegemei uraia wala aina ya viza uliyonayo.